Dada Minza na Gari Lenye Kitanda

Safari nzima imenigharimu shilingi laki saba na elfu arobaini, ukiondoa mbuzi. Ukimweka mbuzi inakuwa laki nane na ishirini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amenisimamia, kwa hiyo kwenye hilo msinihoji. Bei ya nyumba haimo humo. Hiyo nitaitaja tukifika Nassa, na nitaitaja kwa sauti.

Naandika kwa sababu kila nikikaa kijiweni hapa Bariadi mnaniuliza, "Vipi mzee, ulichukua gari au nyumba?" Nikianza kujibu, mmoja anapigiwa simu, mwingine anapata abiria wa boda, nabaki namsimulia muuza kahawa peke yake. Basi someni wenyewe.

Mnajua kwamba baada ya kununua pamba za watu miaka yote ile, mimi na Mama Kulwa tulikuwa na akiba ya kupumzikia. Yeye aliitaka nyumba ndogo ya ziwani kule Nassa aliyoambiwa inauzwa. Mimi nililitaka gari la Masanja. Masanja ni mkandarasi mstaafu, jirani yetu. Alinunua Coaster nyeupe, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji, ili azunguke nchi na mkewe. Mkewe alizunguka mara moja akasema inatosha.

Hela yetu ilitosha kimoja. Mapacha wetu, Kulwa yuko Dar, Doto yuko Dodoma, na wajukuu tunawaona kwenye simu zaidi kuliko uso kwa uso. Mimi nikasema gari litatupeleka kwao. Mama Kulwa akasema nyumba ya ziwani itawaleta kwetu. Tulibishana mpaka mahubiri ya Jumapili yakawa yanatuhusu.

Mwisho tukapatana hivi: Masanja atuachie gari siku tatu tulijaribu, mafuta juu yetu. Tutapita Meatu kumsalimia dada yangu Minza, tutazunguka Maswa, tutamalizia ziwani tuione nyumba. Mwenye nyumba, Mzee Lubinza, mfanyabiashara wa dagaa, alisema kwenye simu atatungoja hadi Jumamosi, maana kulikuwa na mteja mwingine kutoka Mwanza. Makaratasi na simu za kuulizana nayaruka. Hakuna aliyewahi kucheka kwa kusoma stakabadhi.

BARIADI HADI LAGANGABILILI

Tuliondoka Jumatano asubuhi, mimi kwenye usukani, Mama Kulwa pembeni ameshika chupa ya chai. Lami ikaisha, vumbi likaanza, na hapo nikajifunza jambo ambalo Masanja hakunitajia: Coaster nyeupe ikipita kwenye barabara ya Itilima, kila mwenye mzigo anainua mkono.

Nilipita wa kwanza, nikapita wa pili. Lagangabilili nikasimama ninunue vocha. Kurudi, namkuta mama mmoja ameshapanda, ana kuku wawili mkononi, amesimama katikati ya gari anaangalia kitanda.

"Dereva," akaniuliza, "hili basi lina mgonjwa?"

"Mama, hili siyo basi."

"Kama siyo basi, mbona nimepanda?"

Nikamweleza kwamba ni gari-nyumba, watu wanalala humo humo na kupika humo humo. Akafungua sinki, maji yakatoka. Akafunga. Akafungua tena.

"Mnaenda wapi?"

"Mwanhuzi, halafu mbele kidogo, kwa dada yangu Minza."

"Minza yule mjane? Si jirani yangu! Mimi ni Mama Limi." Akakaa kitandani na kuku wake. "Nauli shilingi ngapi?"

Mama Kulwa alimwambia aende bure. Mimi ningesema elfu tatu.

LAGANGABILILI HADI KWA DADA

Njia ile ina makorongo, na kwenye korongo moja tulikuta ng'ombe wanavuka. Sijawahi kuona mifugo inayovuka kwa kujadiliana kama ile. Tulisimama mpaka injini ikapoa. Mama Kulwa akasema, "Si umelitaka gari lenye jiko? Tupike." Akawasha gesi, akapika wali na choroko pale pale kando ya njia. Tukala tukashiba, na Mama Limi akala sahani mbili akisifia gesi isiyotoa moshi. Nilijiona mwanamume. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Nyumba ya Nassa ingetufuata hapa korongoni?" Akakusanya vyombo.

Kilichofuata ndicho kilichoigeuza safari, nacho kilitokana na wali huo.

Tulifika kwa dada Minza jua likielekea kuzama. Watoto wa jirani walipoona gari jeupe lenye mapazia walikimbia wakilia, "Sindano! Sindano!" Dada akatoka jikoni anajifuta mikono. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenibeba mgongoni. Tangu shemeji afariki anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi.

"Mwadila, mdogo wangu."

"Mwadila, dada. Mhola?"

"Mhola duhu. Salama tu. Karibuni ndani, kuku yuko jikoni."

Na mimi, mtu mzima mwenye akili ya kununua na kuuza, nikamjibu, "Dada usihangaike, tumekula njiani. Na kulala tutalala garini, tusikusumbue. Tunalijaribu."

Akasema, "Haya." Tukaongea habari za ndugu, tukaagana, tukaenda kulala kwenye kitanda cha Masanja. Nililala vizuri sana. Naandika hilo kwa masikitiko.

ALHAMISI AMBAYO HAIKUWA KWENYE MPANGO

Asubuhi nilishuka kumsalimia dada ili tuondoke mapema. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Ndani kitanda kimetandikwa shuka mpya, mikunjo ya dukani ingali inaonekana. Mezani sufuria imefunikwa sinia. Nikafunua: kuku mzima, hajaguswa hata bawa.

Dada alikuwa uani anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Dada, hujanikosea. Tulikuwa tunajaribu gari."

"Nimetoka kisimani sasa hivi. Wameniuliza ndugu yangu ameogopa nini humu ndani, mpaka akaja na chakula chake na kitanda chake."

Mama Kulwa aliyekuwa nyuma yangu akashika mdomo. Yeye alielewa kabla yangu. Kwetu Usukumani mgeni akikataa chakula na malazi ya ndugu yake, haisemwi kwamba ameshiba. Inasemwa kwamba anajua kitu. Na mwanamke mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, akianza kutajiwa uchawi hivyo kisimani, sihitaji kuwaandikia maneno hayo huwa yanaishia wapi. Tumezika watu kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Mimi nilifanya ninalolijua: nikatoa dau. "Dada, nakununulia mbuzi, tuyamalize."

Akaegemea ufagio, akaniangalia. "Mbuzi ninao. Ndugu wa kulala kwangu ndiye sina."

Nikaingia garini, nikakaa. Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Tukiondoka tunaifikia Nassa kwa nafasi, nyumba haijauzwa, gari linarudi kwa wakati. Tukibaki, Masanja atadai siku ya ziada, na yule wa Mwanza anaweza kututangulia. Nikahesabu tena. Mama Kulwa akachungulia dirishani.

"Baba Kulwa, unahesabu nini?"

"Nyumba yako hiyo, inaweza kuondoka."

"Iondoke," akasema. "Teremka ukale yule kuku."

Nimeoa vizuri, ndugu zangu. Hapo sikupunguziwa bei, wala sikuhitaji.

Nikabeba meza ya dada, nikaiweka katikati ya uwanja mahali ambapo kila anayekwenda kisimani lazima apite. Nikamleta kuku. Amekwisha poa, mchuzi umeganda, nikamla hivyo hivyo kwa ugali wa mtama, na kila anayepita namkaribisha kwa sauti. Dada akaleta michembe, ile ya viazi vilivyokaushwa, ikiwa imechemshwa na karanga. Nikala. Akaleta maziwa ya mgando. Nikanywa. Saa nne Mama Limi akapita na ndoo, akapunguza mwendo.

"Mwangaluka, Mama Limi! Njoo uonje mkono wa dada yangu!"

"Si mmekula jana njiani? Nami nilikuwepo."

"Ya jana ilikuwa ya kujaribu jiko. Ya leo ndiyo chakula."

Akatua ndoo. Akanawa. Alikula paja, akamtazama dada, akanitazama mimi, akachukua na shingo.

Baada ya hapo nikaenda kulala kwenye shuka mpya, mchana kweupe, mlango wazi, viatu vyangu nimevipanga kizingitini vionekane. Mama Kulwa anasema nilikoroma kwa makusudi. Mwanzoni tu.

Mbuzi nilimnunua hata hivyo, kwa jirani, nikampunguza elfu kumi na tano. Jioni uwanja ulijaa. Watu walikula, wakaulizana habari za mvua, wakalichungulia gari kwa zamu. Muda wa kulala ulipofika nikatangaza mbele ya wote kwamba mimi na mke wangu tunaingia ndani kwa dada, usiku mzima.

Dada Minza akasimama. "Na mimi je? Wewe umechukua nyumba yangu. Mimi nachukua yako."

Akajitanda kanga, akapanda garini, akavuta pazia. Watu walicheka mpaka kuku wakashtuka. Mama Limi akasema kwa sauti ya kisimani, "Kumbe hawa wanabadilishana tu vitanda!" Nikajua kesho yake hilo ndilo litakalosemwa.

Asubuhi dada alishuka garini taratibu, mguu kwa mguu, kama mkuu wa mkoa anayefungua mradi. Majirani walikuwa wamesimama.

"Umelalaje, mayu?" mmoja akamuuliza.

"Kile kitanda," dada akajibu, "kinakushika kama mama."

Halafu akanigeukia. "Hiyo Nassa iko mbali? Sijaliona ziwa tangu niolewe."

MASWA, BARIADI, LAMADI

Ijumaa, basi, tulikuwa watatu, na dada ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Njia nzima mpaka Maswa alikuwa akiwapungia mkono waliodhani sisi ni basi. Maswa tulipata lami, tukanunua mahindi ya kuchoma, na muuzaji akauliza kama gari letu linapima damu bure. Dada akamjibu kwamba linapima ila mashine imelala. Bariadi tulipita bila kusimama, maana Masanja angeweza kutuona na kukumbuka siku zake.

Lamadi nimeipita mara nyingi na mizigo, lakini sikuwahi kukaa. Malori yamejipanga, watalii wanakuja kuangalia simba, na kati yao akina mama wanakaanga sato kama hawaoni chochote. Nilimpunguza muuzaji kutoka elfu kumi na mbili hadi elfu tisa kwa sato mmoja, nikarudi kifua mbele. Dada akala, akafuta mikono, akaenda kununua wa kwake. Alirudi na wawili kwa elfu kumi na tano.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Sikumwambia kitu. Nilimwangalia samaki kwa huruma."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Hatukukuta dalili yoyote ya mteja wa Mwanza njiani, lakini Mzee Lubinza hakupokea simu. Tulilala nyumba ya wageni pale pale, Mama Kulwa na dada kitanda kimoja, mimi garini nikililinda. Kile kitanda ni kizuri kweli. Usiku huo, mara ya kwanza, sikukitaka.

NASSA

Jumamosi asubuhi tulimkuta Mzee Lubinza anaanika dagaa mbele ya nyumba. Nyumba yenyewe ni vyumba vitatu, bati, baraza inaangalia maji, na uwanja wa kutosha watoto kukimbia bila kuangukia ziwani. Mama Kulwa aliingia ndani, akatoka, akasimama barazani. Nikamwona anawapanga wajukuu kwa macho, huyu pale, huyu hapa.

"Imekwisha uzwa?" nikauliza.

"Mwenzio wa Mwanza alikuja jana," akasema mzee. "Nikamkaribisha ugali, akasema ana maji yake na biskuti zake. Aliongea bei akiwa amesimama. Atarudi Jumatatu, anasema. Karibuni, chakula tayari."

Sasa, sheria yangu ya biashara mnaijua: usile kwa mtu unayetaka kumpunguzia bei. Ugali hulainisha ulimi. Nimeishika tangu enzi za pamba, na imenilisha. Nilimtazama Mama Kulwa, akanitazama. Nikanawa mikono, nikakaa mkekani, nikala. Ugali wa muhogo, dagaa wabichi wa nyanya, na mzee ananisogezea mboga kila nikipumua. Tulipomaliza akataja bei: milioni ishirini na nane. Nikafungua mdomo nitaje ishirini, na ulimi ukakataa. Ningemwambia nini mtu ambaye dagaa wake bado wako kwenye vidole vyangu?

"Ni bei nzuri," nikasikia nasema.

Mama Kulwa alinikanyaga mguu.

Dada Minza alikuwa hajala. Gari lilimzungusha kichwa tangu Lamadi, akaomba uji tu. Akaweka kikombe chini.

"Bhabha," akamwambia mzee kwa heshima zote, "nyumba ni nzuri. Lile bati la upande wa ziwa limepata kutu lini?"

Mzee akacheka. "Mayu, kutu kidogo tu."

"Kidogo, naona. Na mlango wa jikoni unafunguka kwa bega. Nimejaribu."

Waliendelea hivyo mpaka dagaa wakageuzwa upande wa pili. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliuliza habari za wajukuu wa mzee, akataja milioni ishirini na moja, akauliza habari za mvua, akakubali ishirini na mbili. Mzee akasema ishirini na tatu, mwisho. Dada akaliangalia bati kwa huruma. Ikawa ishirini na mbili na nusu, na vitanda viwili, na jogoo.

Ishirini na mbili na nusu! Mimi nilikuwa nimejiandaa kuondoka na furaha kwenye ishirini na nne.

Tulipokuwa tunarudi garini nikamwambia, "Dada, lakini na wewe umekunywa uji wake."

"Uji," akasema, "hauhesabiki."

NYUMBANI

Hivyo jibu ni nyumba. Mpita njia yeyote anayeelekea Mwanza na ashuke Nassa aulize nyumba ya baraza, akute kibao nilichokichora mwenyewe. Kulwa ameshasema atakuja na watoto sikukuu hii, na Doto kasikia Kulwa anakuja, naye anakuja. Mama Kulwa amepaka rangi chumba cha katikati na kununua shuka mpya. Ni chumba cha dada. Alimwambia mbele yangu: "Hicho ni chako, wifi, hata usipokuja kinakungoja." Nikimwangalia dada akikaa ile baraza najiona nimewahi kununua kitu kimoja cha maana maishani, na hata hicho kimenunuliwa na yeye.

Gari nilimrudishia Masanja. Alinidai elfu themanini kwa kila siku ya ziada. Nilijitahidi nikamshusha hadi sabini na tano, nikamshukuru.

Yangeishia hapo ningeweka kalamu chini. Lakini wiki iliyopita dada amenipigia simu.

"Mdogo wangu, sikukuu nakuja Nassa. Nakuja na Mama Limi."

"Karibuni sana! Chumba kiko tayari."

"Chumba wape watoto. Mimi nakuja na lile gari. Nimeongea na Masanja, dereva ni wake, ananipa kwa elfu thelathini kwa siku."

"Thelathini! Dada, mimi alinichaji…"

"Najua alichokuchaji, kaniambia. Tutapika njiani. Na kulala nitalala mle mle uani kwako. Kile kitanda nimekizoea."

Nikamwambia, "Dada, unakumbuka Alhamisi ile?"

"Naikumbuka. Ile ilikuwa kwangu," akasema, na salio likamwisha, au alikata simu.

Sasa jamani, ninyi mlioniuliza habari za safari, nami naomba yangu. Sisi ni wageni Nassa, jogoo wetu mwenyewe bado anawika kwa Mzee Lubinza. Sikukuu itafika gari jeupe uani kwangu, dada yangu wa damu atashuka ameshiba, atanisalimia, atarudi kulala garini, na shuka mpya zitabaki na mikunjo yake. Majirani wataniuliza ana hofu gani ndani ya nyumba yangu. Niwajibu nini? Nimlaze Mama Kulwa garini na dada ndani? Nimlaze dereva wa Masanja barazani? Nile mbele yao kuku wangu mwenyewe? Nishaurini, tena upesi, maana dada ameshalipa kianzio, na mnamjua: hela aliyolipa haiachi ipotee, hata nusu.